Irudi Mwaka Gani? Baiskeli Kuukuu na Historia ya Mrima

Wahenga wa pwani walinena kuwa chombo cha kuzama hakina usukani. Methali hii nimeisikia tangu utoto wangu, na siku zote niliichukulia kuwa ni ya mabaharia peke yao. Miaka michache iliyopita, nilipoipakia baiskeli ya hayati baba yangu kwenye mkokoteni na kuitoa Mbegani kuipeleka kwa fundi wa Bagamoyo, nilianza kuifikiri upya. Baiskeli ile ilikuwa imelala bandani zaidi ya miaka kumi. Cheni ilikuwa imegandana kwa kutu, magurudumu yamepinda, na usukani umeng'oka, ukining'inia kwa fimbo moja ya breki. Nikakumbuka kuwa hata neno lenyewe, usukani, tulilipokea kutoka Kiarabu pamoja na elimu ya bahari. Kwanza liliongoza mashua, kisha likapanda nchi kavu na kuishika baiskeli. Basi kumbe baiskeli nayo ni chombo, na hiki cha kwetu kilikuwa kinazama.

Fundi wangu ni mzee aliyepita miaka sabini, na karakana yake ni kivuli cha mwembe. Hakuanza kwa kushika spana. Aliizunguka baiskeli mara mbili, akainama, akaufuta kwa kidole gumba uchafu uliokuwa juu ya kitovu cha gurudumu la nyuma, akausoma mhuri uliopigwa pale. Kisha akaniuliza:

"Maalim, unataka irudi mwaka gani?"

Nilidhani ananifanyia mzaha. Alipoona sijamfahamu, akanieleza kwa utaratibu. "Fremu hii ni ya Mwingereza. Rimu ni za Mchina. Keria ni ya Dar es Salaam. Na mchomeleo huu kwenye foki si wa kiwanda chochote, ni wa mtu wa hapahapa. Niirudishe ilivyotoka kwao, au ilivyokuwa mzee akiipanda? Na kama ni alivyoipanda mzee, ni mwaka gani katika miaka yake?"

Sikuwa na jibu. Nililichukua swali lake nikarudi nalo nyumbani, na makala haya ni jaribio langu la kulijibu. Mimi si mwanahistoria wa chuo. Nilichonacho nimekiokota vitabuni kwa kujisomea na barazani kwa kusikiliza, na kazi yangu ya kila siku ni mashairi na tafsiri. Lakini swali la fundi ni la kihistoria, na mtu asiyejua kitu kilipita wapi hawezi kuamua kirudi wapi.

Historia ya baiskeli upande wetu wa Mrima aghalabu huelezwa kwa sentensi moja: ililetwa na wakoloni, ikapandwa na wamisionari na makarani, kisha ikaenea. Hayo ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Kabla ya gurudumu kuja kwetu, kitu kingine kilikuwa kimetoka kwetu kulifuata.

Mwaka 1885, John Kemp Starley wa mji wa Coventry, Uingereza, aliitoa baiskeli aliyoiita Rover. Magurudumu yake mawili yalikaribiana kwa ukubwa, na cheni ilizungusha gurudumu la nyuma. Ndiyo mama wa baiskeli zote tunazozijua leo. Miaka mitatu baadaye, 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hati ya uvumbuzi wa tairi la kujazwa upepo. Mwaka huohuo wa 1888, Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodisha pwani ya Mrima kwa kampuni ya Wajerumani, na kabla mwaka haujaisha Pangani na Bagamoyo zilikuwa vitani. Kiongozi wa vita vile, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Tairi la Belfast na vita vya Mrima havikujuana, lakini havikukaa mbalimbali kwa muda mrefu. Tairi lilitaka mpira, na mpira ulikuwa Afrika.

Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa neno mpira. Hata hivyo, huenda tumesahau kuwa kabla ya kuwa kitu cha kuchezea watoto, mpira ni mmea, mtambaazi wa porini ambao ukichanjwa hutoa utomvu mweupe. Utomvu huo ulikusanywa katika misitu yetu, ukafanywa madonge, ukashushwa bandarini na kuvushwa bahari. Katika Kongo ya Mfalme Leopold, hadi alipopokonywa nchi ile mwaka 1908, mpira ulikusanywa kwa mijeledi na kwa kukatwa watu mikono. Huku kwetu Wajerumani walipanda mashamba ya mpira upande wa Tanga na kwingineko, nayo yakaporomoka mwaka 1913 bei ilipoangushwa na mpira wa Asia. Baiskeli ilipokuja kukanyaga mchanga wa Bagamoyo, sehemu yake iliyogusa ardhi haikuwa ngeni kabisa katika bara hili. Hadi leo mtu akipata pancha huuliza kama kuna mtu mwenye mpira wa akiba, na jina analolitaja ni lile la mtambaazi wa porini.

Baada ya mpira, tuutazame mzigo. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Mpagazi alibeba takriban kilo 30 begani au kichwani kwa mwendo wa miezi, na jasho lake ndilo lililoujenga mji. Mwaka 1891 makao makuu ya Wajerumani yalihamishiwa Dar es Salaam. Mwaka 1905 Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mzigo wa bara ukaacha kupita Bagamoyo, na mji ukabaki na majumba makubwa na njia tupu.

Lakini mizigo midogo haikukoma. Samaki wa Mbegani na Mlingotini, chumvi, nazi, mhogo na mkaa, vyote viliendelea kutaka kufika Zinga, Kerege na vijiji vya ndani zaidi, na reli haikuwa na habari navyo. Kwa muda mrefu vilibebwa kwa kichwa na kwa punda. Kisha ikaja baiskeli. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye ufunguo wa habari yote. Kule Ulaya baiskeli ilimrithi farasi, na kazi yake ilikuwa kumchukua mtu. Huku kwetu ilimrithi mpagazi. Mchuuzi aliyefunga tenga la samaki nyuma, au mwenye mkaa anayesukuma magunia mawili yaliyosimama kuliko yeye mwenyewe, hakuipanda baiskeli kila wakati. Mara nyingi alitembea ubavuni mwake akiishika usukani. Anayelijua hilo hashangai kuona kitu cha kwanza ambacho fundi wa Mrima alikibadilisha katika baiskeli mpya kilikuwa keria. Ile ya kiwandani, iliyofanywa kwa kubebea mkoba, iling'olewa, na mahali pake ikawekwa nyingine ya nondo.

Sasa niieleze baiskeli yenyewe. Nembo ya shaba iliyo mbele ya fremu inasema Raleigh, Nottingham. Kiwanda cha Raleigh kilianzia katika karakana ndogo ya mtaa wenye jina hilo mjini Nottingham, na kikakua baada ya tajiri Frank Bowden kukitia fedha zake mwishoni mwa miaka ya 1880. Baiskeli zake za barabarani zilijengwa kwa chuma kinene. Zilikuwa na magurudumu ya inchi 28, breki za fimbo za chuma badala ya waya, na mwili uliolala nyuma kidogo ili mpandaji akae wima. Zilikuwa nzito, lakini zilizivumilia njia mbovu, na kwa ajili hiyo zilienea duniani kote palipokuwa na njia mbovu.

Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mchuuzi wa samaki. Aliinunua mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa karani mmoja aliyekuwa akihama. Masimulizi ya nyumbani yanasema kuwa karani naye aliitoa Unguja, katika duka moja la Darajani, ikavushwa kwa mashua. Hayo ni maneno ya mdomo, lakini kitovu cha gurudumu la nyuma kinasema kwa chuma. Ni kitovu cha gia tatu cha Sturmey-Archer, na kampuni ile ilikuwa na desturi ya kupiga mhuri wa mwaka na mwezi juu ya kazi yake. Mhuri alioufuta fundi kwa kidole gumba unasema 58, kisha 5: Mei 1958.

Kwangu mimi baiskeli ile ilikuwa pia kitabu cha kwanza. Sijaingia darasa la kwanza nilikuwa nimekwishajua kulisoma neno Nottingham, herufi baada ya herufi, nikiwa nimechuchumaa mbele ya nembo wakati baba anafunga tenga. Yeye alilitamka Notingamu, na mimi nikaamini kuwa ni jina la mtu, labda fundi aliyeiunda. Nilikuja kugundua kuwa ni mji miaka mingi baadaye, na nikiri kuwa nilisikitika kidogo.

Rimu za Kichina zina sababu yake. Kati ya mwaka 1970 na 1975 China ilijenga reli ya TAZARA, na sehemu ya gharama za ndani ya nchi ililipwa kwa kuuza bidhaa za China katika maduka yetu. Katika miaka ile baiskeli za Kichina, Phoenix ya Shanghai na ndugu zake, zilianza kuonekana mbele ya macho yetu zikiwa nyeusi na zenye kung'aa. Zilikuwa na sura ya Kiingereza, na si kwa bahati, maana viwanda vya China viliiga mtindo wa Raleigh wa miaka ya 1930. Baiskeli ya Kiingereza ilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa uzito hukaa nyuma, na Mchina aliifuata hesabu hiyohiyo. Kwa hiyo rimu za baba zilipoliwa na maji ya chumvi yaliyodondoka kutoka kwenye tenga, rimu za Shanghai ziliingia katika vitovu vya Kiingereza bila ya ugomvi. Serikali mbili hazikuwahi kukubaliana kwa wepesi namna ile.

Keria ya Dar es Salaam nayo ina yake. Katika miaka ya 1970 na 1980 shirika la umma la NABICO liliunda baiskeli zilizoitwa Swala. Watu wa rika langu wanalikumbuka jina hilo kwa mchanganyiko wa fahari na kicheko, kama tunavyovikumbuka vitu vingi vya zama zile. Baba hakupata kununua Swala. Alipata keria yake tu, kutoka kwa jirani ambaye baiskeli yake ilikuwa imekwisha, akaifunga juu ya ile ya nondo kwa waya.

Kisha zikaja siku ngumu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliikausha hazina ya nchi. Mwaka 1983 kulikuwa na msako wa walanguzi, na madukani hakukuwa na kitu, seuze spea za baiskeli. Nimeona kwa macho yangu tairi lililoshonwa kwa mshipi wa kuvulia, mshono baada ya mshono, kama fundi anavyolishona tanga. Nimeona mpira wa ndani wenye viraka vingi hata kiraka kipya hakina pa kushika isipokuwa juu ya kiraka cha zamani. Baba aliipaka fremu sifa, mafuta ya papa yanayopakwa mbao za majahazi, na harufu yake ilitangulia kufika sokoni kabla ya samaki.

Mchomeleo wa kwenye foki ni wa masika ya mwaka 1984. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na umri wa miaka sita, alishikwa na homa kali usiku. Baba alimweka juu ya keria, akamfunga kiunoni mwake kwa kanga ya mama, nami nikatangulia na kandili. Tulikuwa tunaelekea hospitali ya Bagamoyo. Tulipofika karibu na magofu ya Kaole, gurudumu la mbele liliingia katika korongo lililochimbwa na mvua, na foki ikavunjika upande mmoja. Hakuna aliyesema neno. Baba aliificha baiskeli kichakani, akamhamishia mtoto mgongoni, na alfajiri tulikuwa mlangoni kwa daktari. Mtoto aliishi.

Foki mpya haikupatikana mahali popote. Mbegani kulikuwa na chuo cha uvuvi kilichojengwa kwa msaada wa Norwei, ambacho siku hizi ni kampasi ya FETA, na katika chuo kile vijana walijifunza kutengeneza injini na vyuma vya boti. Kijana mmoja aliyepita katika mafunzo yale aliichomelea foki ya baba kwa gesi, kisha akaongeza vipande viwili vya nondo, kimoja kila upande, kutoka juu hadi kwenye ekseli. Kazi ile haikuwa nzuri kwa sura. Lakini foki ya Nottingham ilidumu miaka 26, na ile ya Mbegani imekwisha kuipita.

Nimeyataja magofu ya Kaole, na yana jambo la kutufunza katika habari hii. Mwaka ule ule wa 1958 uliopigwa mhuri kwenye kitovu cha baba, mwanaakiolojia Neville Chittick alikuwa akichimba Kaole, katika misikiti na makaburi ya mji uliostawi kabla ya Mreno kufika. Baadhi ya makaburi yale yana nguzo ndefu, na katika nguzo za makaburi ya pwani wajenzi walikuwa wakipachika bakuli za kaure zilizotoka China. Aliyeifinyanga bakuli ile hakuikusudia kaburi, aliikusudia chakula. Mjenzi wa Mrima aliipokea, akaitazama, akaitoa katika kazi yake ya asili na kuipa kazi nyingine, tena ya heshima zaidi. Je, bakuli ile ni ya China au ni ya Kaole? Na akija mtu leo aseme kuwa anataka kuirudisha katika asili yake, ataing'oa ukutani aipakulie wali?

Swali hilo linagusa mjadala ulioko duniani juu ya vitu vya kale, na baiskeli zimo. Huko Italia, tangu mwaka 1997, hufanyika safari ya kila mwaka iitwayo L'Eroica katika vilima vya Chianti, ambamo hupandwa baiskeli za mwaka 1987 kurudi nyuma, zenye vyuma vya zama zake. Uingereza wako watu wanaotafuta kwa miaka mingi parafujo moja ya asili, maana Raleigh walikuwa na meno yao ya parafujo yasiyolingana na ya wenzao. Siwacheki. Kazi yao ni ya mapenzi na ya elimu, na bila ya wao nisingeweza kuusoma mhuri wa kitovu. Lakini kanuni yao ni moja: asili ni siku kitu kilipotoka kiwandani, na kila kilichofuata ni uchafu wa kuondolewa. Kwa kanuni hiyo baba yangu ni uchafu. Miaka yake yote juu ya baiskeli ile ingepigwa msasa ikaisha kwa siku moja.

Upande wa pili iko kanuni ya kwetu, nayo nisiisifu kupita kiasi. Kwetu kitu kinachotembea kinatosha. Jahazi hubadilishwa ubao baada ya ubao, na nahodha haulizi kama bado ni jahazi lilelile. Tabia hiyo imeokoa vyombo vingi, lakini pia imeviharibu. Nimeona fremu nzuri iliyounguzwa kwa umeme na mtu asiyejua kuwa chuma kile kinataka moto mpole. Nimeona rangi ikipakwa juu ya kutu, nayo kutu ikaendelea kula kwa siri. Nimeona kabari inayobana mkono wa pedali ikipigwa nyundo hadi ikapindisha ekseli. Si kila kiraka ni historia. Viraka vingine ni uzembe au haraka. Na siku hizi kuna hatari nyingine, ya watu wa kupamba kumbi, ambao huinunua baiskeli kuukuu kwa bei ndogo na kuitundika ukutani na maua katika kapu. Mmoja wao alinijia. Kaka yangu alikuwa tayari kuuza, na kwa mtu mwenye ada za shule za kulipa sikuweza kumlaumu.

Mfasiri anaijua shida hii. Nimefasiri maandishi ya watu waliokufa zamani, na kila mara nimejiuliza kama nimrudishe mtu katika karne yake au nimlete barazani kwetu. Anayefuata neno kwa neno hubaki na maiti safi. Anayejipa uhuru mwingi hubaki na mtu mwingine kabisa. Nilichojifunza ni kuuliza kwanza kila kitu kimefikaje pale kilipo, na fundi alinionesha njia hiyohiyo kwa chuma.

Alipokifungua kitovu cha gia alikuta kitu kilichonifanya nikae chini. Waya wa kubadilishia gia ulikuwa umekatika zamani na hakuna aliyeuweka mwingine. Kitovu cha aina ile kina springi ndani, na kikikosa waya hujirudisha chenyewe katika gia nzito kuliko zote, ile ya kukimbilia mahali tambarare. Mashine yenyewe ilikuwa nzima. Baba, basi, alikuwa amekanyaga gia nzito kwa miaka, akiwa na tenga la samaki nyuma, juu ya mchanga na matope, hali gia ya kupandia kilima ilikuwa chini yake, nzima, inasubiri kipande cha waya. Nilikumbuka magoti yake ya uzeeni. Sisi watoto tulidhani ni umri.

Siku ile nikapata jibu la swali la fundi. Nilimwambia kuwa sitaki irudi mwaka wowote. Kile ambacho dhiki ilikinyang'anya, akirudishe. Kile ambacho mikono ya watu ilikiongeza, akiache. Waya wa gia ulikatwa na uhaba, haukuondolewa na mtu kwa hiari yake. Basi urudi, na gia tatu zirudi. Rimu za Shanghai zilizokuwa zimepinda tumezinyoosha. Moja imekubali na nyingine imekataa, na mahali pake pana rimu mpya ya India, ambayo nayo ina haki ya kuwa hapo. Nembo imesafishwa kwa ndimu na majivu. Keria ya Swala imebaki na waya wake.

Kuhusu foki, nilitaka kumwuliza mdogo wangu. Sasa ni mama wa watu wazima. Kaka yangu alikuwa amependekeza itafutwe foki ya asili, maana imo katika magazeti ya wauzaji wa Ulaya, na vipande vile vya nondo vinaiharibu sura. Mdogo wangu alikuja mwenyewe chini ya mwembe, akapitisha kiganja juu ya mchomeleo, akasema, "Kaka zangu, mengine fanyeni mtakavyo. Hiki msikiguse. Hiki ndicho mimi." Habari ya kuuza haikutajwa tena.

Historia iliyoandikwa hukiandika kile kisichotembea. Jina la Mbegani lilienea mbali kwa ajili ya bandari kubwa: mkataba wa mwanzo ulitiwa saini mwaka 2013, jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015, na mwaka 2019 mradi ukasimamishwa. Katika mambo ya namna ile sheria ya ardhi huhesabu nyumba, mazao na minazi, na ni haki. Baiskeli haihesabiwi, kwa kuwa mwenyewe anaweza kuondoka nayo. Haina hati, haina jalada, na mafundi wake hawaandiki. Tangu pikipiki zilipoenea mwishoni mwa miaka ya 2000, vijana waliojifunza kwa mzee yule wamehamia kwenye injini mmoja baada ya mwingine, na siwezi kuwalaumu, kwa kuwa huko ndiko kwenye riziki. Amebaki na mwanafunzi mmoja.

Kwa sababu hiyo nimalizie kwa kuyaandika machache niliyoyapata kinywani mwake, yasije yakapotea. Kitovu cha mbele cha baiskeli ya Kiingereza kinakula gololi 10 kila upande. Cha nyuma, kikiwa cha kawaida kisicho na gia, gololi 9 kubwa kila upande. Ekseli ya pedali 11 kila upande, kubwa kama zile za nyuma. Chuma kilichogandana kilowekwe katika mafuta ya taa usiku kucha kabla ya kutiwa spana, wala kisipigwe. Spoki zikazwe kidogo kidogo pande zote, na zigongwe kwa ukucha. Zikitoa sauti inayokaribiana, gurudumu limenyooka.

Mzee hakutaka kulipwa kwa kazi ya gia. Alisema hiyo ilikuwa ya marehemu.